Kwa nini walowezi hawakupanda Newala

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Tandahimba ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Katika historia tunawafundisha watoto kwamba wakoloni walipenda nyanda za juu kwa sababu ya hali ya hewa na udongo wake, ndiyo maana walikwenda Usambara, Kilimanjaro na Iringa. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita ameniuliza: mbona na sisi tupo juu, asubuhi za Juni tunavaa masweta, lakini huku hatuoni mashamba ya wazungu wala majumba yao? Je, walitusahau, au wazee wetu waliwashinda? Nilikosa jibu. Naomba msaada."

Marahaba, mwalimu. Huyo mtoto mlee vizuri, maana ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi wa Kusini wanalipita wakisema tu kwamba tulisahauliwa. Mimi sikubaliani nao. Hatukusahauliwa hata siku moja. Ukoloni ulifika uwanda wa Makonde, ukachukua mpira, kodi na nguvu za watu, ukapigana vita huko na kuwapitisha wapagazi. Kitu ambacho haukufanya ni kukaa. Sababu kubwa ya kutokaa ni maji, na maji hayohayo ndiyo yaliyowalinda wazee wenu kabla mzungu hajafika.

Nianze na ardhi yenyewe, kwa sababu usipoielewa ardhi, historia yake itaonekana kama bahati nasibu. Uwanda wa Makonde umekaa kati ya mto Ruvuma upande wa kusini na bonde la Lukuledi upande wa kaskazini. Umeinama. Upande wa bara, kuanzia Newala na kule juu ya Masasi, ukingo wake unakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kisha unashuka taratibu kupitia Tandahimba na Nanyamba mpaka kukaribia Mikindani na Mtwara, ambako unabaki vilima tu. Anayesafiri kwa basi kutoka Mtwara hahisi kama anapanda mlima. Anayetoka Masasi kwenda Newala ndiye anayekutana na ukuta, gari linanguruma kona baada ya kona. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ardhi inakatika mbele yako ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

Uwanda huo umejengwa kwa mchanga na mawe ya mchanga yaliyolala tabaka juu ya tabaka tangu zama za kale sana, baada ya zile za dinosaria ambao mifupa yao Wajerumani waliichimba Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kuisafirisha Berlin. Mvua si haba: kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini mchanga ule ni kama kifumbu cha kuchujia tui. Maji hayatulii juu. Yanapenya, yanateremka mita nyingi ndani ya ardhi mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha yanatokea kama chemchemi chini ya magenge, pembezoni mwa uwanda. Juu hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Watu walikinga maji ya mvua kwa kila namna waliyoijua, na masika yakiisha, wanawake walishuka bondeni na vyombo kichwani na kupanda navyo tena. Hii haikuwa safari ya kwenda kisimani nyuma ya nyumba. Kwa vijiji vilivyo katikati ya uwanda, kuchota maji kulimaliza sehemu kubwa ya siku.

Jambo la pili la ardhi hiyo ni vichaka. Wamakonde walifyeka, wakachoma, wakapanda mtama, muhogo, kunde na mbaazi, na udongo ukichoka wakahamia kipande kingine. Shamba lililoachwa halikurudi kuwa msitu wenye miti mikubwa unaoweza kutembea chini yake. Lilirudi kuwa kichaka kilichosokotana, kigumu kuliko msitu wa mwanzo, kisichopenyeka ila kwa vijia vyembamba ambavyo mwenyeji ndiye anayevijua. David Livingstone alionja shida hiyo mwaka 1866. Alishuka Mikindani mwezi Machi akiwa na ngamia na wanyama wengine wa mizigo, akaelekea bonde la Ruvuma. Ilimbidi aajiri Wamakonde wenye mashoka wamfungulie njia, kwa sababu ngamia mwenye mzigo hapiti kwenye kijia cha mtu mmoja. Na huko alikokuwa akipita ni bondeni, chini ya uwanda. Juu hakujaribu kupanda.

Sasa, kwa nini binadamu mwenye akili zake aache bonde lenye mto akajenge mahali pasipo na maji? Wazee wa Kimakonde wana masimulizi yao. Wanasema kiumbe wa kwanza alitoka porini, akiwa peke yake, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na usiku ikapata uhai ikawa mke wake. Walikaa karibu na mto. Mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakasogea juu kidogo, mtoto wa pili naye akafa. Wakapanda hadi kwenye vichaka vya juu, na wa tatu akaishi. Ndipo wazao wao wakausiwa wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa maana huko kuna maradhi na mauti. Mwalimu, usimwambie mtoto kwamba hiyo ni ngano tu. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na mabonde yale yalikuwa na malaria kali. Watu waliona watoto wanakufa chini na wanapona juu, wakaliweka jambo hilo mahali ambapo halitasahaulika, yaani kwenye kisa cha asili yao.

Lakini karne ya 19 iliongeza sababu nyingine, na hii ndiyo wazee wengi wanaikumbuka. Misafara ya watumwa na pembe ilitoka pande za ziwa Nyasa, mingi ikiongozwa na Wayao, ikaelekea Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Misafara hiyo ilifuata mabonde, kwa sababu msafara wa mamia ya watu hauwezi kwenda bila maji. Kisha wakaja Wangoni kutoka upande wa Songea, ambao wenyeji waliwaita Wamagwangara, wakivamia kwa vikosi vikubwa. Kikosi kikubwa nacho kinahitaji maji na nafasi ya kujipanga, na uwanda haukuwa na chochote kati ya hivyo. Adui akipanda, anakutana na kijia ambacho lazima apite mmoja mmoja, kichaka kila upande, na hana pa kunywa mpaka ashuke tena.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Masasi. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana kutoka Zanzibar, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, waliwaleta watumwa waliokombolewa, wakaanzisha kijiji Masasi, mahali pa tambarare penye maji na udongo mzuri, chini ya vile vilima vya mawe. Pakastawi haraka. Mwaka 1882 Wamagwangara wakashuka, wakachoma kijiji, wakaua na kuteka watu. Na wamisionari walikimbilia wapi? Walipanda Newala, wakakaa kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa ameshajenga huko juu. Padri Chauncy Maples na wenzake waliendesha kazi yao kutoka Newala kabla ya misheni kurudi tena Masasi. Kwa hiyo hata mzungu aliyekuja kukaa Newala wakati ule alipanda kwa sababu ileile iliyowapandisha Wamakonde. Hakufuata baridi wala udongo. Alifuata usalama.

Sasa nije kwenye sehemu ya swali inayosema "au wazee wetu waliwashinda?" Hapa mwanafunzi wako anastahili kulijua jina la Machemba, na tena alijue kama mtu wa jirani, kwa sababu ngome yake ilikuwa Luagala, ambayo leo ni kata ndani ya wilaya yenu ya Tandahimba. Machemba alikuwa mkuu wa Kiyao, mfanyabiashara wa pembe, mpira na watumwa pia. Hilo la watumwa tusilifiche. Ndivyo wakubwa wengi wa zama zile walivyopata bunduki. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani pwani, alimwita aje kujisalimisha. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema amesikia maneno yake lakini haoni sababu ya kumtii, afadhali afe. Alisema ikiwa ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote; lakini kuwa raia wa mtu mwingine, hapana. Kama anataka vita, vita naviwe.

Na vita vikaja. Wajerumani walituma vikosi zaidi ya mara moja katika miaka ya 1890, na kila mara vichaka vya uwanda viliwatesa. Askari aliyefunzwa kupiga risasi kwa safu hawezi kupanga safu ndani ya kijia cha Makonde. Mizinga haivutiki. Maji ya kikosi lazima yabebwe kichwani na wapagazi kutoka bondeni, na mpagazi ni mtu wa kwanza kutoroka mambo yakiharibika. Machemba alidumu karibu miaka 10 baada ya kuandika barua ile. Ni mwaka 1899 tu, serikali ilipokuwa imeshaanza kudai kodi ya kibanda, ndipo kikosi kikubwa kilipoivamia Luagala. Machemba akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba waliwashinda kwa muda, na kwa gharama kubwa, na ardhi iliwasaidia. Mimi nadhani hilo linatosha kumfanya mtoto wa Tandahimba ainue kichwa. Hatuna haja ya kumwongezea.

Baada ya Machemba kuondoka, uwanda ulikuwa wazi kwa Wajerumani. Kwa nini hawakuleta walowezi? Linganisha na Usambara. Lushoto, ambayo wao waliita Wilhelmstal, iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mito inatiririka mwaka mzima, udongo wa milimani una rutuba, na chini ya mlima kulikuwa na reli: njia ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mlowezi wa kahawa alihitaji vitu vitatu: maji ya kuoshea buni, ubaridi wa kuipunguza malaria, na njia ya kupeleka mzigo bandarini. Newala ilikuwa na ubaridi nusu. Urefu wake ni wa kuwapa watu ukungu asubuhi za Juni, lakini hautoshi kuondoa malaria. Maji hakuna. Reli hakuna. Na mchanga ule, ambao muhogo na mkorosho vinaupenda, kahawa inaukataa. Kwa hesabu ya mlowezi, uwanda wa Makonde ulikuwa hauna faida, na mlowezi ni mtu wa faida.

Walichofanya Wajerumani ni kukaa pembezoni na kuvuta. Boma lao la Mikindani, ambalo bado limesimama, lilijengwa mwaka 1895, pwani, mahali ambapo njia za kutoka uwandani zinafikia bahari. Lindi nako palikuwa na boma. Mashamba makubwa ya mkonge yalianzishwa karibu na pwani na kando ya hori la Lindi. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo, zao lililowatajirisha wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kizungu wa Mikindani lilikuwa mpira wa porini, utomvu wa mitambaa ya vichakani ambao Wamakonde waliugema, wakaufinyanga mabonge, wakaushusha kwa kichwa. Kwa mpira huo watu walinunua nguo, chumvi na baruti. Kodi ya kibanda ya rupia 3 ilipoanza mwaka 1898, mpira ulisaidia kuilipa. Mpira ulipopungua na bei yake kuanguka, kijana wa Kimakonde alibaki na kitu kimoja cha kuuza, nguvu zake. Hapo ndipo uwanda ulipoanza kumwaga watu kwenda kwenye mkonge. Kizazi kilichofuata kiliwaita manamba. Mwalimu, hilo ni shamba la mzungu pia. Tofauti ni kwamba shamba lilibaki pwani na ninyi ndio mliokwenda kulifuata.

Utawala nao ulikuwa mgumu kuuweka juu kule. Wamakonde hawakuwa na mfalme wala mtemi. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, ukoo ukifuatwa kwa upande wa mama, na mkulungwa wa hapa hana amri kwa watu wa pale. Wajerumani waliweka maakida na majumbe, wengine wageni kabisa kwa watu waliowatawala. Waingereza walipokuja wakahangaika miaka mingi kutafuta "machifu" ambao hawakuwapo, wakabadilisha mpango baada ya mpango, mwishowe wakaweka maliwali. Sehemu hii naipita haraka, ingawa ina utamu wake, kwa kuwa haibadilishi jibu.

Vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi vilishuka mpaka mabonde ya kwetu. Misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi ziliharibiwa. Uwanda wenyewe kwa sehemu kubwa haukuingia vitani, jambo ambalo vitabu vya shule havisemi. Sababu mojawapo naiona hivi: Maji Maji ilichochewa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa na mikono mizito ya maakida, na mambo hayo yalikuwa makali zaidi mahali serikali ilipokuwa imekaa kwa uzito. Serikali haikuwa imekaa juu ya uwanda kwa uzito huo. Mwaka uliofuata, 1906, mtafiti Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, ambaye machafuko yalimzuia kwenda alikokusudia, aliletwa huku kusini. Alikaa Newala na Mahuta, akarekodi nyimbo kwa mashine, akanunua vinyago na vyombo vya watu na kuvipeleka Ujerumani. Naye alilalamikia maji. Aliona jinsi wanawake wanavyoyachota na akashangaa kwa nini watu hawahami. Hakuwa hapo 1882.

Kama kuna mwaka mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba hatukusahauliwa, ni 1917. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Uingereza yaliteremka Lindi na kuanza kupanda bonde la Lukuledi kumfukuza Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Kati ya 15 na 18 Oktoba walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita ile Afrika Mashariki. Katika jeshi la Uingereza zaidi ya 2,000 waliuawa au kujeruhiwa, wakiwemo mamia ya Wanaijeria waliotolewa upande wa pili wa bara kuja kufa bondeni kwetu. Lettow-Vorbeck alishinda siku ile lakini hakubaki na risasi wala chakula. Akarudi nyuma hadi Chiwata, kwenye ukingo wa uwanda, halafu akapanda.

Hapo likatokea jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda. Tarehe 21 Novemba 1917 ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani, iliyoitwa L59, iliruka kutoka Bulgaria ikiwa na dawa, risasi na bunduki, ikaelekezwa uwanda wa Makonde. Ilikuwa itue huko huko na isirudi. Hata kitambaa chake kilikusudiwa kushonewa mahema na nguo. Ilivuka bahari ya Mediterania na jangwa, ikafika pande za Khartoum, ndipo ikapokea amri kwa redio igeuke kwa sababu Lettow-Vorbeck alikuwa akiuacha uwanda. Ilirudi Bulgaria baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Kwa siku chache, watu wa Berlin walikuwa wameinamia ramani wakiutafuta uwanda wa Newala.

Na kwa nini aliuacha? Kwa sababu zilezile. Jeshi lisilo na maji halikai juu ya Makonde. Alichambua watu wake, akawaacha mamia ya wagonjwa na dhaifu, akashuka upande wa Ruvuma, na tarehe 25 Novemba akavuka Ngomano na kuwapiga Wareno waliokuwa ng'ambo. Mwenzake Theodor Tafel, aliyekuwa akija kutoka Mahenge kuungana naye, alimkosa kwa siku chache, akajisalimisha na kikosi chake kilichokuwa na njaa. Majina ya makamanda hao yako kwenye vitabu. Ya wapagazi, ambao walikuwa wengi kuliko askari, hayapo. Chakula kilichowalisha wote hao kilitoka kwenye maghala ya wakulima, kwa kunyang'anywa, na baada ya majeshi kupita zikafuata njaa na homa kali ya mafua ya 1918.

Waingereza walirithi desturi ya kuuzunguka uwanda. Waliweka wilaya Newala, ndiyo, lakini fedha kubwa zilikwenda kwingine. Mwaka 1947 walianzisha ule mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kwa ajili ya Nachingwea wakachimba bandari ya kina kirefu Mtwara na kujenga reli. Reli ilifuata mabonde ikielekea Nachingwea, baadaye Masasi. Uwanda wa Makonde, uliokuwa na watu wengi kuliko maeneo yote ya jirani, ukabaki pembeni ya reli. Mpango ukafa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, bandari ikafunguliwa 1954 bila karanga za kusafirisha, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichowapa watu wa uwanda fedha ni mkorosho, mti ambao hakuna mtaalamu wa serikali aliyeujengea reli. Unazamisha mizizi chini sana kwenye mchanga uleule ambao kahawa iliukataa.

Maji yenyewe yalianza kupandishwa kwa mashine miaka ya 1950, wakati lilipoundwa shirika la maji la Makonde. Maji yalisukumwa kutoka mabondeni hadi juu na kuuzwa kwenye vituo. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, Finland ilisaidia mpango mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi. Hapa sina budi kusema ninavyoona: kama kuna kitu ambacho serikali ya kikoloni ilichelewa kuwapa watu wa Newala na Tandahimba, ni bomba. Walitawala kwa zaidi ya nusu karne, wakachukua kodi kwenye kila kibanda, huku mama mwenye kibanda hicho akishuka genge kila alfajiri. Na hadi leo kila tone linategemea pampu. Pampu ikizimika, uwanda unarudi kuwa ule wa zamani.

Umalizie somo lako ng'ambo ya Ruvuma, tafadhali, kwa sababu uwanda una ndugu yake huko. Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa Desemba 1886 uliufanya mto uwe mpaka, na Wamakonde wakajikuta nusu huku, nusu uwanda wa Mueda. Mueda nako ni juu, mchanga, vichaka, bila maji. Kampuni ya Niassa, iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala kaskazini ya Msumbiji tangu 1891, ilishindwa kwa miaka mingi kuutiisha uwanda huo. Wareno waliutia mkononi ilipofika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Lakini wao, tofauti na Waingereza, waliupandia: kazi za kulazimishwa, pamba ya kulazimishwa, viboko. Maelfu wakavuka mto kuja kwenye mkonge wa Lindi na Mikindani, ambako wenyeji waliwaita Wamawia. Tarehe 16 Juni 1960 Faustino Vanomba na Kibiriti Diwani, waliotoka upande wa Tanganyika, walikwenda Mueda kuzungumza na gavana kuhusu watu kurudi kwao wakiwa huru. Walikamatwa mbele ya umati, na askari wakafyatua risasi. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, hutaja waliokufa kuwa zaidi ya 500. Wanahistoria wengine hutaja idadi ndogo zaidi. Vita vya ukombozi vilipoanza 1964, uwanda wa Mueda ukawa ngome, na vile vichaka vikafanya tena kazi viliyomfanyia Machemba. Wakimbizi waliovuka kaskazini walipokelewa na jamaa zao. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, kwenye ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga za Waingereza.